Je, Kipande Kile Bado ni Mimi?

Ndugu wasomaji, jambo tunalolileta mbele yenu mwezi huu lilianzia kibarazani kwa mzee mmoja wa mtaa wetu, fundi seremala ambaye wengi wenu mmekalia viti vyake. Alitokwa na kidonda pembeni mwa ulimi. Akasukutua kwa maji ya chumvi, akapaka asali, akanunua dawa dukani. Mwezi wa tatu ukaingia nacho kidonda hakijafunga. Watoto wake wakampeleka hospitali, kikakatwa kipande kidogo kikapimwa, na majibu yakaja kwamba ni saratani. (Tuseme hapa kwa haraka, ingawa si shabaha ya makala haya: kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki 3 kionyeshwe daktari, na mwenye kutumia tumbaku, iwe ya kuvuta au ya kutafuna, au kunywa pombe nyingi, ana sababu zaidi ya kwenda.)

Madaktari wakamweleza kwamba sehemu ya ulimi itakatwa, na baadaye atapigwa mionzi. Siku ya kujiandikisha akapewa karatasi mbili. Ya kwanza ilihusu operesheni. Akatia sahihi bila maneno. Ya pili iliomba ruhusa kwamba sehemu ya uvimbe utakaotolewa isitupwe, bali ipelekwe maabara, chembe zake zioteshwe na kutunzwa zikiwa hai, ili wataalamu wapate kujifunza ugonjwa ulivyo na kuujaribia dawa. Hiyo hakuitia sahihi. Aliikunja akaja nayo nyumbani.

Tulipokwenda kumjulia hali tulikuta nyumba imegawanyika. Kijana wake mkubwa alisema baba asitie sahihi, kwa kuwa watu hao watakiuza kipande hicho. Binti yake akasema, "Tia, baba, huenda kikawasaidia wajukuu zako." Mzee akawanyamazisha wote wawili, akatugeukia sisi. "Wanangu," akasema, "mimi siulizi habari za kuuza. Nauliza hivi: nikishakufa, nanyi mmekwisha kunizika, na kile kipande kikawa bado chaishi huko chupani, je, ni mimi?"

Tuliaga bila kumpa jibu. Lakini swali lile halikutuacha, na tumeona si haki kulificha, maana kesho huenda karatasi kama ile ikawekwa mbele ya yeyote kati yetu.

Kwanza tueleze kinachofanyika huko maabara. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, ambazo wataalamu huziita seli. Seli ya kawaida ikitolewa mwilini na kulishwa chupani hugawanyika mara kadhaa, kisha huchoka na kufa. Seli ya saratani imesahau kuchoka. Ikiwa imekubali maisha ya chupani hugawanyika, na watoto wake hugawanyika, na wajukuu vivyo hivyo, hata ukapatikana ukoo mzima uliotokana na mtu mmoja. Ukoo huo hupewa jina, ukagawiwa maabara za nchi mbalimbali. Huo ndio mfano wa ugonjwa: kitu kinachofanana na saratani ya mgonjwa, ambacho mtu aweza kukifanyia majaribio ambayo mwenye huruma yeyote asingethubutu kuyafanya juu ya ulimi wa mwenzake.

Basi, je, ni mtu au si mtu? Tukaanza kwa kutazama mila zetu wenyewe, maana wazee wetu walikuwa na la kusema juu ya vipande vya mwili. Nywele zikikatwa hufagiliwa. Kucha hutupwa. Hakuna anayesema kwamba sehemu yake imelala jalalani. Lakini kitovu cha mtoto kikikauka na kuanguka hakifagiliwi. Huzikwa, na mahali kilipozikwa ndipo panapokuwa kwao, hata akienda mbali miaka 50. Kwa hiyo wazee walijua tangu zamani kwamba kipande kilichoachana na mwili si mtu, na walijua pia kwamba si kila kipande ni taka. Kitovu hakina uhai wa mtoto, ila kina habari zake. Twadhani nyama ya mzee wetu ipo upande wa kitovu kuliko upande wa nywele, na sababu yetu haikutoka katika mila peke yake, bali katika yale yaliyowapata watu waliotangulia kuacha vipande vyao maabara.

Wa kwanza ni mama mmoja Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks. Mwaka 1951 alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, na tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule akafariki, umri wake miaka 31, ameacha watoto wadogo. Madaktari walikuwa wamekata kipande cha uvimbe wake wakakipeleka kwa mtaalamu George Gey, bila kumwuliza mama mwenyewe. Seli zile hazikufa. Ndizo za kwanza za binadamu kuishi hivyo bila kikomo, nazo zimesaidia mambo mengi makubwa, mojawapo ikiwa ni kupima chanjo ya polio. Ziliitwa HeLa, herufi mbili za kila jina lake. Lakini watu wa nje walipouliza, walisikia kwamba mwenyewe aliitwa Helen Lane, jina ambalo halikuwa la mtu yeyote aliyehusika. Jamaa zake hawakupata habari mpaka mwaka 1973. Mwaka 2013 serikali ya Marekani ilipatana nao kuhusu siri za urithi wao zilizomo ndani ya seli hizo, na mwaka 2023 wakafikia mapatano na kampuni moja kubwa ya vifaa vya maabara.

Habari hiyo imesimuliwa na wengi, na kwa kawaida husimuliwa kama dhuluma. Ni dhuluma kweli. Lakini kuna sehemu yake isiyosimuliwa sana, nayo ndiyo inayohusu kinywa na koo, yaani ugonjwa wa mzee wetu.

Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Marekani walitangaza koo mbili za seli zilizowafurahisha wengi. Moja iliitwa KB, ikaelezwa kuwa imetoka katika saratani ya kinywa ya mwanamume Mzungu. Nyingine iliitwa HEp-2, ikaelezwa kuwa imetoka katika saratani ya zoloto, pale kooni sauti inapotokea, ya mwanamume pia. Maabara nyingi zikazipokea. Mwenye kutaka kujua tabia za saratani ya kinywa akazifuga KB. Mwenye kushughulika na koo akazifuga HEp-2.

Mwaka 1966 mtaalamu wa elimu ya urithi, Stanley Gartler, alisimama mbele ya wenzake katika mkutano huko Pennsylvania akawaambia jambo ambalo hawakupenda kulisikia. Alikuwa amepima kimeng'enya kimoja katika koo nyingi za seli zilizosemekana kuwa za watu mbalimbali. Zote zilikuwa na aina moja, aina ambayo hupatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika tu. Tena ndiyo aina iliyomo katika HeLa. Mzungu yule wa kinywa alitoa wapi alama ya Mwafrika? Jibu lilikuwa jepesi, na la aibu. Seli za Henrietta ni hodari mno wa kukua. Tone moja likibaki katika mrija, au mtu akitumia chakula cha chupa moja kulishia chupa mbili, basi huingia kwa jirani, zikamsonga, zikamaliza nafasi yote, na kibandiko cha nje kikabaki kama kilivyoandikwa. Mabwana wale walidhani wanatazama kinywa cha mwanamume. Walikuwa wakitazama kizazi cha mama yule.

Mtu angetegemea kwamba baada ya siku ile kila mmoja angerudi kupima chupa zake. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1970 mtaalamu mwingine, Walter Nelson-Rees, alianza kuchapisha orodha za koo zilizochanganyika, akajipatia maadui wengi. Hata baada ya mwaka 2000 makala yalikuwa bado yakichapishwa yakiita KB seli za saratani ya kinywa. Tena mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walikusanya koo 122 za seli za saratani za kichwa na shingo, wakazipima moja moja: 37 kati yake hazikuwa vile zilivyoandikwa. Ni karibu theluthi moja. Seremala akiambiwa kwamba katika kila vipimo vitatu alivyotundika ukutani kimoja ni cha kiti kingine, nadhani angefunga karakana siku hiyo.

Sasa, ndugu wasomaji, tazameni jinsi makosa haya mawili yanavyoshikana. Tulizoea kufikiri kwamba kumwuliza mgonjwa, kumkumbuka, kuandika kwa uaminifu alikuwa nani na kipande kilitoka wapi, ni mambo ya adabu tu, kama kubisha hodi. Kwamba elimu yenyewe yaweza kuendelea vizuri hata bila adabu hiyo. Kisa cha KB kinatuonyesha kinyume. Mtu akishasahauliwa, kipande chake huwa kitu cha ovyo, na kitu cha ovyo huchanganyika na kingine bila mtu kujali. Jina la mama yule liliwekwa kando, na seli zake zikazunguka dunia zikijibu kwa majina ya watu wengine. Waliomnyima haki yake walijinyima ukweli vilevile, kwa tendo lile lile.

Mtu atasema hayo ni mambo ya Marekani. Siyo tu. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyekuwa Mkristo mwenye bidii, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda si mrefu akamwona mwingine huko Jinja. Akaanza kuuliza, akaandika, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari pamoja na wenzake wawili zaidi ya kilomita 15,000 katika sehemu hizi za Afrika, kutazama ugonjwa ule wafika wapi na waishia wapi. Mwaka huo huo alitoa hotuba mjini London, na kijana mmoja wa maabara, Anthony Epstein, akaisikia, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa miaka miwili hakuona kitu. Desemba 1963 ndege ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, vipande vikachelewa kufika. Maji yaliyovibeba yalikuwa yamechafuka kama yameoza. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama kwa hadubini, akaona seli zikielea, nazo zi hai. Zikaoteshwa, na mwaka 1964 ndani yake vikaonekana virusi ambavyo hata leo huitwa kwa jina lake na la msaidizi wake Yvonne Barr. Virusi hivyo ndivyo vilivyokuja kujulikana kuwa vinahusika pia na saratani ya nyuma ya pua, ambayo ni mojawapo ya saratani za kichwa na shingo.

Burkitt jina lake liko katika ugonjwa. Epstein na Barr majina yao yako katika virusi. Mtoto wa Uganda, ambaye taya lake lilisafiri usiku kucha ndani ya ndege, hayuko popote. Hatusemi jina lake lingechapishwa; siku hizi kuficha jina la mgonjwa ni heshima, na ni sheria. Kuficha jina ni jambo moja, kusahau kwamba kulikuwa na mtu ni jambo lingine. Na tuseme kwa haki kwamba huko Kampala watoto wenye ugonjwa ule hawakuachwa hivi hivi: katika miaka ya 1960 walitibiwa kwa dawa, na baadhi yao wakapona kabisa, wakati ambapo saratani iliyopona kwa dawa peke yake ilikuwa jambo la kushangaza popote duniani.

Wengine hutuuliza: uvimbe ule ungetupwa motoni, mwenyewe hautaki, ndiyo maana ameukatisha, kuna haja gani ya kumwomba ruhusa? Twajibu kwa embe. Ukipita chini ya mwembe wa jirani ukaokota embe lililoanguka, ukala, hakuna atakayekushtaki. Lakini ukija na kapu, ukajaza, ukapeleka sokoni, hata kama yote yameanguka yenyewe na yangeoza, utapiga hodi kwanza. Wala si kwa sababu jirani angeyala. Ni kwa sababu mti una mwenyewe.

Tena tunaongeza kwamba namna ya kuomba nayo ni sehemu ya haki. Mgonjwa aliyelala kitandani, mwenye hofu, ambaye uhai wake umo mikononi mwa daktari, akiombwa na daktari huyo huyo asubuhi ya operesheni, je, ameombwa au ameamriwa? Atasema ndiyo kwa lolote. Aombwe mapema, ikiwezekana na mtu mwingine, kwa lugha anayoielewa, na aambiwe waziwazi kwamba akikataa atatibiwa vilevile. Yule mzee wetu alipewa nafasi ya kurudi na karatasi nyumbani. Hilo lilitupendeza.

Siku hizi mifano yenyewe inabadilika. Huko Utrecht, Uholanzi, wataalamu walitangaza mwaka 2019 kwamba wamepata koo 31 za namna mpya kutoka kwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo. Kipande cha mgonjwa huvunjwavunjwa, seli zake zikapandwa ndani ya utomvu mzito mfano wa uji uliogandamana, zikalishwa, nazo hujipanga zenyewe zikawa vidonge vidogo vyenye tabaka kama nyama ya kinywa ilivyo. Huitwa oganoidi. Chupa za zamani zilitandaza seli kama nguo sakafuni. Hizi hukua kwenda juu na kando, na kila moja hufuata tabia za mgonjwa wake, hata dawa inayoua za huyu isiziue za yule. Kwa hiyo haiwezekani tena kusema seli ni seli tu. Thamani yote ya oganoidi ni kwamba ni ya fulani.

Na huo utomvu hutoka wapi? Kwa miaka mingi ulio maarufu umetengenezwa kutokana na uvimbe wa panya. Huko Oulu, Finland, mwaka 2015, wataalamu walieleza mwingine, walioutengeneza kwa fibroidi, uvimbe ule wa kizazi usio saratani ambao akina mama wengi wanaujua vizuri kuliko wangependa. Seli za saratani ya ulimi zikiwekwa humo hupenya na kusambaa kwa namna inayokaribia zaidi zinavyofanya ndani ya mtu. Tulipoyasoma hayo tulitulia kidogo. Kumbe tena ni nyama ya kizazi cha mama inayotumika katika elimu ya ulimi! Ila safari hii imeandikwa wazi kuwa ni ya kizazi, na kila mwenye kuitumia anajua anachokitumia. Tofauti ya KB na hiyo ya Oulu si ya mashine tu.

Mifano hii ina mipaka yake, na wataalamu waaminifu hawaifichi. Oganoidi haina damu inayozunguka, wala askari wa mwili wanaopigana na ugonjwa, ingawa wapo wanaojaribu kuviongeza. Haimezi mate. Haijui kwamba chakula kimekuwa kama mchanga, wala kwamba wajukuu hawaelewi babu anasema nini. Dawa iliyofaulu juu yake bado itabidi ijaribiwe kwa watu. Wala hakuna ahadi kwamba dawa itakayopatikana itafika katika zahanati zetu kwa bei tunayoiweza. Kijana mkubwa wa mzee alikuwa na haki ya kulitaja hilo, na hatukuwa na la kumfariji.

Tulirudi kibarazani tukiwa na hayo yote. Tulimwambia mzee kwamba kwa maoni yetu kipande kile hakitakuwa yeye: hakitamjua mkewe, hakitakuwa na deni wala dhamiri, na sisi tutakayemzika tutakuwa tumemzika yeye kamili. Lakini kitakuwa chake, kama kitovu kilivyo cha mtu, na kila kitakalosema kitalisema kwa sababu yeye aliishi. Kisha tukamsimulia habari za KB. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, ingawa kucheka kulimwuma.

"Mimi nina ubao wa kipimo cha mguu wa kiti," akasema. "Si mguu, hauwezi kukalisha mtu. Lakini mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuchukua kipimo cha stuli akadhani ni cha kiti. Mbao sita za mvule!"

Juma lililofuata alikwenda hospitali, binti yake amemshika mkono na kijana mkubwa akifuata nyuma amekunja uso. Akamwambia nesi kwamba atatia sahihi, ila yeye nesi aandike kwanza kibandiko cha chupa palepale. Nesi akasema kibandiko huandikwa siku ya operesheni. Mzee akasema atangoja. Siku ya operesheni, kabla hawajamsukuma ndani, akaomba aonyeshwe. Macho yake hayaoni vizuri tena, basi nesi akamsomea: namba, tarehe, na neno "ulimi". Akaomba asomewe mara ya pili, kisha akadai kalamu.